Kauli ya Mjomba Juu ya Sikio la Chiku

Jumanne, 11 Agosti

Siku ya kumi na moja ya wageni wangu. Dada Husna, mumewe Luqman, na binti yao Chiku wa miaka sita. Wamekuja likizo kutoka Maskati, wamepanga nyumba Diani, hatua chache na ufuo. Mimi nalala kwangu Ukunda, lakini kula nakula kwao.

Luqman ana duka la manukato huko Maskati. Mtu mpole kupita kiasi. Kila ninalosema anaitikia, "Inshallah, shemeji." Wiki iliyopita aliniahidi mbele ya Dada: pasipoti yangu ikitoka kabla hawajaondoka, nitafuatana nao, visa na tiketi ni juu yake, na nitakuwa msimamizi wa ghala. Msimamizi! Mimi, Swabir, dalali wa viwanja ambaye mwaka huu hajauza hata kaburi.

Tatizo moja. Pasipoti inatoka Jumatano ijayo, tarehe 19. Wao wanaondoka Jumapili hii, tarehe 16. Siku tatu!

Nimemwambia Luqman kwamba Alhamisi ijayo nyangumi watapita karibu sana na ufuo na itakuwa dhambi kuwakosa. Amejibu kwamba alhamdulillahi, kwao pia wapo.

Jumatano, 12 Agosti

Chiku ameamka analia, ameshika sikio la kushoto. Ana homa. Alikuwa na mafua tangu Jumapili, na hata hivyo kutwa yumo majini, kama mwana wa samaki.

Nimesikitika. Nimesikitika kweli, maana nampenda mtoto yule. Ndiye mtu pekee katika ukoo anayenisikiliza hadi mwisho.

Kisha nikakumbuka ndege.

Nimemuuliza jamaa mmoja hapa Ukunda, mtaa wa Kona ya Musa, aliyewahi kubeba mizigo uwanja wa ndege. Amesema huko juu sikio bovu huuma vibaya sana, amewaona watu wazima wakishuka wanalia. Nimemnunulia chai.

Alhamisi, 13 Agosti

Dada alitaka kwenda kliniki asubuhi na mapema. Nikamwambia asiwe na haraka, ipo dawa ya marehemu mama: mafuta ya nazi, kitunguu saumu, yapashwe moto kidogo, yatiwe sikioni kwa unyoya wa kuku. Likipona taratibu kwa njia ya nyumbani, nilihesabu, itachukua siku kumi hivi.

Nikaandaa kila kitu. Unyoya nilimwomba kuku wa jirani. Chiku akautazama, akatazama bakuli, akasema kwa adabu kabisa, "Mjomba, anza wewe."

Baba yake akasema ni ombi la haki.

Nikaanza. Sikio la kushoto, ili mfano uwe sawasawa. Nikauingiza unyoya, nikauzungusha, nikausukuma mbele zaidi waone kwamba hauumi. Uliuma! Machozi yakanitoka. Nikawaambia ndiyo dalili ya dawa kufanya kazi.

Dada amemwaga mafuta yangu kwenye maua. Luqman alikuwa tayari ameita tuktuk, bila kunisema hata neno moja. Hili ndilo linaloniudhi kwake.

Kliniki tumempata Daktari Beryl, mama wa bara, maneno yake yanakimbia. Ameangalia kwa kurunzi yake ndogo, akasema uvimbe uko ndani, nyuma ya kiwambo cha sikio. Dawa ya maji mara mbili kwa siku, siku saba, na imalizwe yote hata maumivu yakiisha. Asiogelee. "Na hapo ndani musiweke kitu. Si mafuta, si pamba, si kidole. Tumesikizana?"

Alikuwa ananitazama mimi. Sijui kwa nini. Labda nilinuka kitunguu saumu.

Nikamuuliza kuhusu ndege. Amesema turudi Jumamosi, ataona.

Ijumaa, 14 Agosti

Mtoto anapona! Homa imeshuka. Amekula wali na samaki, akaomba tena.

Luqman hupima dawa kwa bomba dogo lisilo na sindano, anasoma bismillahi, na Chiku anameza bila kelele. Kumbe kazi nyepesi namna hiyo hufanya watu waonekane baba bora.

Chiku sasa anacheza udaktari. Anawasha taa ya simu ya mama yake na kukagua masikio ya kila mtu. Amekagua la baba, la mama, la paka. Nikamkimbia, nina shughuli.

Nimemnong'oneza Dada kwamba mtoto bado ana rangi ya kuumwa. Ameniambia mwenye rangi hiyo ni mimi.

Jumamosi, 15 Agosti

Siku kubwa. Niandike kwa utaratibu.

Kliniki niliingia wa kwanza, kabla hata mgonjwa hajakaa. Nikasimama mbele ya meza ya Daktari Beryl na kumweleza kwa heshima zote kwamba hakuna sikio bovu linalopanda ndege, liwe la nani. Nilisema mara tatu, mara ya tatu kwa sauti. Akaniambia nikae.

Amemwangalia Chiku, akasema sikio linaendelea vizuri, kesho anaweza kusafiri, ingawa angepata siku chache zaidi ingekuwa bora.

Siku chache zaidi! Sikusikia kitu kingine chochote.

Nyumbani nikawaita wote sebuleni. Nikamkumbusha Luqman kwamba ameoa kwa Wadigo, na kwa Wadigo mtoto wa dada ana mjomba wake. Baba hulea, mjomba hukata shauri. Tangu enzi za mababu. Na mimi mjomba nimekata: Chiku hasafiri na sikio lile. Nilipiga hata meza, nikamwaga chai.

Dada alicheka mpaka akashika kiuno. Akauliza huyu mjomba alikuwa wapi miaka sita. Mara ya mwisho kujikumbuka kuwa mjomba, alisema, ilikuwa siku ya akika ya Chiku, na nilifika nyama imekwisha. Tena kama ni mambo ya ujomba, mara ya mwisho mimi kumtembelea mjomba wetu Mwinga kule Bodo ilikuwa lini?

Nikasema hayo ni mambo mengine.

Luqman aliipangusa chai niliyomwaga. Kisha akasema mila ya watu huheshimiwa, na kwa sikio la mwanawe yuko radhi kungoja. Akapiga simu dukani kwake, akapiga simu ya tiketi. Sasa wanaondoka Jumapili ijayo, tarehe 23.

Nimeshinda! Nimetoka nje nikazunguka nyumba mara mbili kwa furaha.

Jumatatu, 17 Agosti

Sikio langu la kushoto linawasha. Upepo wa bahari.

Jumatano, 19 Agosti

Pasipoti ninayo mkononi. Nilikwenda Mombasa alfajiri, nikarudi adhuhuri. Kwenye picha nafanana na mtu aliyekamatwa na mbuzi wa watu, lakini jina ni langu na mihuri ni halali. Nimemwonyesha Luqman. Amenikumbatia, ameshughulikia visa papo hapo kwa simu, na amenunua tiketi. Kiti cha dirishani. Nimeuliza mara mbili kama ni cha dirishani.

Chiku amefurahi kunizidi. Amesema nitakaa karibu naye na atanifundisha kufunga mkanda.

Sikio sasa linauma kidogo. Nimevaa kofia na kuishusha upande mmoja, kama watu wa mjini.

Alhamisi, 20 Agosti

Sikulala. Kwa ndani kuna mtu anapiga nyundo. Kuna na majimaji.

Sisemi neno. Siku tatu tu zimebaki. Dada ameniuliza mbona leo namgeuzia sikio moja tu. Nimemwambia ndivyo wasimamizi wanavyosikiliza.

Ijumaa, 21 Agosti

Nimefichuliwa.

Nilisinzia kwenye kochi baada ya chakula cha mchana. Nikaamshwa na mwanga. Chiku amenivua kofia, ameshika simu ya mama yake, na anachungulia. Akapiga kelele nyumba nzima isikie, "Mama! Sikio la Mjomba ndani ni kama embe bovu!"

Nikasema ni nta. Dada akaja akachungulia. Luqman naye akachungulia, baada ya kuomba ruhusa. Wakatazamana.

Sikumkasirikia mtoto. Alikuwa karibu kulia, ananipulizia sikio lipoe.

Jumamosi, 22 Agosti

Kliniki tena. Daktari Beryl amemwangalia Chiku kwanza: amepona, asafiri. Kisha mimi. Akauliza nimeingiza nini humu. Nikasema pengine ni mdudu aliingia. Chiku akasema, "Unyoya wa kuku, Daktari. Na mafuta. Alikuwa ananionyesha."

Vidonge, siku kumi, nivimalize. Sikio limevimba, limejaa, nisipande ndege kwa wiki mbili.

Nikamweleza kwamba ya mtoto ni mengine na ya mtu mzima ni mengine. Ya mtu mzima yamekomaa. Akaweka kalamu chini. "Si ni wewe ulisimama hapa juzi ukasema hakuna sikio bovu linapanda ndege, liwe la nani? Mara tatu?"

Nikasema nitasafiri hata hivyo. Sikio ni langu na kichwa ni changu.

Dada hakubishana. Alitoka nje akapiga simu. Saa tisa pikipiki ikasimama getini, akashuka Mjomba Mwinga kutoka Bodo, viatu mkononi asivichakaze. Miaka minne sijamwona. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akitazama upande mwingine.

Akaketi. Akanywa chai yake yote, polepole, na vitumbua vyangu viwili. Kisha akaniuliza kama ni kweli nilisema kwa Wadigo mjomba ndiye anayekata shauri.

Nikasema nilisema, lakini kwa habari ya watoto.

"Mimi ni nani wako?"

"Mjomba wangu."

"Basi husafiri."

Nikamtazama Luqman, mtu wa dunia, aniokoe. Luqman akasema kwa masikitiko ya kweli kwamba mila ya watu huheshimiwa. Na kwamba ghala halitakimbia, nipone kwanza, tutazungumza, inshallah.

Mjomba Mwinga akaongeza kwamba paa lake linavuja, makuti anayo, kinachokosekana ni mtu wa kupanda. Kesho kutwa niwe Bodo. Nikauliza kama sikio bovu linaruhusiwa kupanda paa. Akasema paa si ndege.

Jumapili, 23 Agosti

Wameondoka.

Nilibeba mizigo hadi kwenye gari. Luqman alinikumbatia tena. Dada alinirekebisha kofia na kunisisitiza vidonge, vyote, mpaka cha mwisho.

Chiku alinivuta chini nikachutama. Akaweka mikono miwili mdomoni, akaninong'oneza jambo refu. Sikio la kushoto. Nilihisi pumzi yake, joto tu. Sikusikia hata neno.

Akauliza, "Umesikia, Mjomba?"

Nikasema nimesikia. Akafurahi sana, akapanda gari. Nilisimama pale getini mpaka vumbi likatulia. Nimeumia, nakiri. Bahati kama ya Maskati nimeikosa mara nyingi, nimezoea. Hili la neno la Chiku sijalizoea.

Jumapili, 30 Agosti

Bodo. Siku ya sita juu ya paa. Mjomba Mwinga ananiongoza kutoka chini akiwa ameketi. Kila kuti ninaloliweka liko upande usiofaa.

Chiku ametuma sauti kwa simu ya mama yake. Amerudi shule, jino limeng'oka, kwenye kiti changu cha dirishani alikaa mwanamume aliyekoroma. Nimemtumia jibu, nikamwomba anikumbushe alichoninong'oneza, kidogo tu. Amejibu kwamba ile ni siri na siri haisemwi mara mbili.

Nimesikiliza jibu hilo mara tano kwa sikio la kulia.

Vidonge niliacha Alhamisi. Maumivu yalikuwa yamekwisha, ya nini kumeza dawa bila ugonjwa? Vilivyobaki nimeviweka akiba, vitamfaa mtu. Sikio sasa haliumi, linawasha tu, na limeziba. Nimelifikiria sana jambo hili hapa juu. Lililoziba maana yake lina kitu ndani. Labda maneno ya Chiku yangali humo humo, hayajapata njia.

Mjomba Mwinga amekwenda kuswali. Jikoni kuna mafuta ya nazi. Na chini ya ngazi anapita kuku wake mweupe, ana manyoya laini sana, laini kuliko ya yule wa Diani.