Jiwe la Achari Lililohukumiwa Siku ya Kwanza

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa anime,

Barua ya kiungwana huanza na hali ya hewa, nami sitaki kuonekana sikulelewa: huku Takayama ni Aprili, na theluji imeng'ang'ania mapaa kama mgeni asiyejua kuaga. Natumaini huko Tokyo hamjambo, wewe na wenzako wote wa ofisini, isipokuwa mmoja.

Namaanisha yule anayejiita Mkasi. Wiki jana, chini ya kichwa "Msimu Mpya: Maoni ya Mwanzo", ameandika juu ya ile anime, katuni ya runinga inayomhusu karani wa Osaka anayegongwa na lori, akafa, akazaliwa upya katika nchi ya mazimwi akiwa jiwe la kukandamizia achari. Mkasi ametazama sehemu ya kwanza tu, tena si yote, akamaliza hivi: "Shujaa ni jiwe na hadithi nayo ni jiwe. Mvua inanyesha bila sababu. Nimeikata."

Mvua hiyo, Ndugu Mhariri, imechorwa na binti yangu Chinatsu. Ndiyo kazi yake studioni. Wengine huchora nyuso na mapanga, yeye huchora maji. Jina lake hupita mwishoni kwa kasi, nasi hulisimamisha kwa rimoti ili mama yangu apate kuliinamia. Kwa sababu hiyo nina malalamiko yafuatayo.

1. Kuhusu mawe. Mimi ni muuza achari, kama baba yangu na babu yangu, na nimeishi na mawe maisha yangu yote. Mkasi analalamika kwamba shujaa "hafanyi lolote". Kazi ya jiwe ni kukaa juu ya pipa, likandamize figili ndani ya chumvi! Likianza kujishughulisha na mengine, figili zinaoza.

2. Kuhusu haraka. Figili ya siku ya kwanza si achari, ni figili yenye chumvi. Mteja akiionja siku hiyo akaitema, kosa ni la nani? Vijana wenyewe, ambao hawana subira hata ya kusubiri wali uive, wamejiwekea kanuni ya kutazama sehemu tatu kabla ya kuikata anime, yaani kuiacha. Mkasi ameshindwa na vijana.

3. Kuhusu aibu. Niliposoma kwamba kazi ya binti yangu imewachosha wananchi, nilifanya ambalo baba yeyote angefanya. Nilivaa suti, nikabeba maboksi ya keki za maharage, nikapita nyumba hadi nyumba nikiinama na kuomba radhi kwa usumbufu. Majirani walikuwa bado hawajasumbuliwa. Hawakujua hata kama anime hiyo ipo. Kamide kinyozi aliniuliza mlangoni, "Mzee Ushimaru, kwani Chinatsu kaua mtu?" Nikamjibu ni zaidi ya hapo, kanyesha mvua bila sababu.

4. Kuhusu matokeo ya aibu. Unajua mwenyewe kwamba mtu akipokea boksi lazima arudishe kitu, na akija kurudisha lazima awe na neno la kusema. Basi mtaa mzima ukakaa kutazama. Kamide alirudi na majani ya chai: "Mzee, hilo jiwe lako limenilaza mara mbili. Ila mke wangu analia kila likikanyagwa, hata sijui nimpeleke wapi." Mama Tokoro wa duka la tofu alileta taulo. "Mimi sijaelewa kitu," akasema, "lakini mvua ile, jamani! Nilitoka mbio kuanua nguo." Sasa nyumbani kwangu mna taulo kuliko figili, na kila aliyerudisha kikubwa kuliko nilichompa inabidi nimrudishie tena. Hatutamaliza kabla ya kiangazi, na kiangazi nacho kina anime zake.

5. Kuhusu Chinatsu. Hapa sina utani. Amempigia mama yake simu akasema, "Mama, labda nirudi tu niuze achari. Huku kumbe napoteza maji bure." Ndugu Mhariri, miaka yote nimekuwa nikienda hekaluni kumwombea arudi ashike duka. Ningepaswa kufurahi. Badala yake nimekuwa nikizitia figili chumvi kwa hasira hadi wateja wanalalamika. Nilitaka arudi kwa kuwa anapatamani kwao, si kwa kuwa amekatwa na mtu aliyejipa jina la chombo cha fundi cherehani. Inaniuma sana.

Kwa hiyo naomba Mkasi aje Takayama na suti na maboksi yake mwenyewe. Amwinamie jirani mmoja mmoja, kisha aliinamie jiwe langu kubwa, kisha akae yeye juu ya pipa la figili majira yote ya baridi bila kufanya lolote, ajionee kama ni rahisi. Na tangu leo asiruhusiwe kabisa kusema neno juu ya kitu ambacho hajakitazama chote. Mtu wa namna hiyo hana haya.

Nisalimie wachapaji, na yule dada anayepokea simu, ambaye sasa anaijua sauti yangu, na mama yake Mkasi, ambaye naamini alijitahidi.

Wako katika chumvi na subira,

Ushimaru Shigeo
Duka la Achari la Ushimaru, Takayama

N.B. Mke wangu Fusae ameisoma barua hii na kukataa kunipa stempu mpaka niseme ukweli: nilikuwa sijaitazama anime hiyo hata dakika moja. Nilikuwa natazama majina ya mwisho tu. Leo amenikalisha nikaitazama yote iliyokwisha kutoka. Mkasi ana haki. Hadithi ni mbovu kuliko alivyosema, na jiwe lenyewe ni dogo, haliwezi kukandamiza hata tango. Mwambie aikate.

Ila mvua asiiguse. Inadondoka ukingoni mwa paa kwa michirizi miwili, mmoja mnene, mwingine mwembamba unaokwenda kushoto. Najua paa moja tu linalodondosha hivyo, nalo ni letu, juu ya mlango wa duka, pale mfereji wa paa ulipopinda tangu Chinatsu akiwa mdogo, akikaa chini yake kungoja mvua ikatike. Fusae alikuwa ameshamwita fundi aje Jumatatu kuunyoosha. Amempigia mwenyewe kumwambia asije. Mimi nimempigia Chinatsu, nikamwambia duka halina nafasi ya kazi.