Mizani ya Serikali

Itangazwe kwa wote, kuanzia Kibuye hadi Mamboleo, kwamba mwaka 1971 serikali iliikumbuka kliniki ya akina mama, ikailetea mizani mpya ya kupimia watoto wachanga. Bwana Waliaula, msimamizi, aliipokea kwa mikono miwili na kuifungia ofisini mwake. Kitu cha serikali hakitumiki kabla ya kuzinduliwa, na mgeni rasmi alikuwa angali anatafuta nafasi. Aliitafuta miezi minne.

Wakati huo Beldina alikuja kila Jumatano na mwanawe Ogola, aliyezidi kukonda. Maziwa ya unga yalikuwa stoo, makopo sitini. Lakini waraka ulisema wazi: maziwa hupewa mtoto aliyepungua uzito, na uzito ni ule tu uliopimwa kwa mizani ya serikali. Waraka huo Waliaula aliuandika mwenyewe, na kila akiusoma aliuona mtamu.

"Bwana, mtoto anaisha," Beldina alisema.

"Anaisha kwa macho, Mama. Kwa karatasi bado hajaanza."

Nesi Seline akachoka kungoja. Akawa anamvusha Ogola barabara hadi dukani kwa Mama Daxa, anamlaza kwenye mizani ya sukari. Ratili kumi. Tisa na nusu. Nane. Aliandika kwa penseli kwenye kadi, Waliaula akafuta. Akaandika tena, Waliaula akafuta tena, na moyo ukamuuma kwelikweli, maana raba ilikuwa inakwisha.

Siku ya uzinduzi ikafika. Waliaula alivaa suti, akausoma waraka wote mbele ya watu, akikaza sauti penye "mizani ya serikali." Mgeni rasmi akakata utepe. Ogola akaletwa.

"Ngoja kwanza," alisema Mzee Masinde, mkaguzi wa vipimo, aliyekuja kwa ajili ya soda. "Muhuri iko wapi?"

"Ni mpya, Mzee. Haijaguswa."

"Basi haijakaguliwa. Hiyo ni chuma tu. Hapa mizani yenye muhuri ya serikali ni moja, ya Mama Daxa. Napiga kila mwaka."

Mgeni rasmi, ambaye hakutaka kusikika amezindua chuma, aliomba waraka, akausoma polepole.

"Waraka uko sawa," alisema. "Ufuatwe."

Ukafuatwa. Seline akajaza kadi upya kwa wino, na kopo la kwanza likawa la Ogola. Kliniki ikahamia dukani penye mizani, na makopo yaliyobaki yakavushwa na Waliaula kichwani, akiwa ndani ya suti yake.

Aliporudi kuchukua kofia alikuta ofisi imefungwa hadi ukaguzi, chuma ndani, ufunguo mfukoni mwa Masinde.

"Mzee, utakagua lini?"

Masinde alimaliza soda yake.

"Bado natafuta nafasi."