Breki Nilizofunga kwa Mkono Wangu

Jumatatu, 4 Agosti. Lodwar.

Nimetukanwa nyumbani kwangu, nimekaa, chai yangu mkononi!

Jumamosi mwanangu Nathan anaoa Kakuma. Kwa ukoo wetu fahali wa harusi hufika kwa wakwe akiwa amesimama kwa miguu yake minne, na aliyemleta ndiye humtangulia kuingia bomani. Zamani tulitembea naye siku nne. Siku hizi kuna lami, na sisi si wajinga, tunampakia. Nani amtangulie kama si baba?

Basi shemeji yangu Aukot, kaka ya mke wangu, akawaambia wazee kwamba pikapu yangu haina breki, ina maombi tu. Nikamjibu breki ninazo, zinapiga kelele kidogo. Akasema hata fisi akitafuna mfupa hupiga kelele hivyo. Wazee wakacheka. Nathan naye akacheka, akajifanya anakohoa.

Mzee Namuar, mkubwa wetu, akakata shauri. Ijumaa gari zote mbili zijaribiwe. Yangu ikisimama panapotakiwa, fahali ni wangu. Ikishindwa, Aukot atampeleka kwa Land Cruiser yake na kuingia bomani mbele ya watu, nami baba mzazi nitafuata nyuma na masufuria.

Nitabadilisha pedi za breki mwenyewe. Fundi simtaki. Mafundi wote wa Lodwar hunywa chai na Aukot. Nilisoma mpaka darasa la tano, tena nikiwa macho. Magurudumu ya mbele ni mawili, pedi ni nne. Hesabu hiyo naiweza.

Jumanne, 5 Agosti.

Pedi nimenunua. Muuzaji aliuliza ni za gari gani. Nikamwambia, ile nyeupe. Alitoka mpaka nje kuitazama. Watu wa duka hawaamini mtu.

Kazi imeanza vizuri. Nimeinua gari kwa jeki, nikashika spana, nikavuta nati. Gurudumu likazunguka. Nikavuta tena. Likazunguka tena, na mimi nikazunguka nalo. Nakal, mke wangu, alipita na mtungi akauliza kama ninafungua gurudumu au ninacheza nalo ngoma. Nikashusha gari, nikalegeza nati kwanza, nikainua upya. Ndivyo nilivyokuwa nimepanga.

Halafu jeki ikaanza kuzama. Mchanga wa Lodwar hauna adabu. Nikatafuta kitu kigumu cha kuweka chini yake. Jana Aukot alisahau kigoda chake hapa, ekicholong yake ya mti mgumu, ambayo huikalia mchana na kuilalia kichwa usiku. Nikaiweka. Ilibeba gari kama mwanaume!

Kwa dakika tatu. Sasa Aukot ana vigoda viwili, kila kimoja nusu.

Jumatano, 6 Agosti.

Nimeweka jiwe bapa. Gurudumu limetoka. Nyuma yake kuna diski ya chuma, na kitu kinachoibana kama taya la mbuzi. Ndani ya taya ndimo pedi zinakaa. Za zamani zimeisha kabisa, nyembamba kama ukucha. Sikumwonyesha mtu.

Pedi mpya hazikuingia. Nene mno! Nikagonga kwa nyundo. Nikaziomba. Nikazitukana. Mwishowe nikampigia simu Déo, fundi Mkongo wa Kakuma, ambaye mwaka jana gari yangu ilimfia mlangoni na tukawa marafiki. Akaniambia, Papa Ereng, acha nyundo! Fungua kifuniko cha mafuta ya breki, sukuma ile pistoni irudi ndani polepole, pedi itaingia. Na mbele ya kutembeza gari, kanyaga pedali ya breki mara mingi, mara mingi, mpaka iwe ngumu. Nikamwambia hayo nayajua, nilitaka tu kumsalimia.

Pistoni ikarudi. Pedi zikaingia, kulia na kushoto. Vimebaki vibati vinne vidogo vya chuma. Bila shaka hao wenye kiwanda huongeza vya akiba, watu wakarimu.

Nikawasha gari. Nikaiteremsha kuelekea uani. Nikakanyaga breki, pedali ikaenda mpaka chini kama nimekanyaga uji.

Zizi la mbuzi lilikuwa bovu tayari. Mbuzi kumi na tisa wamepatikana, wawili wako kwa jirani, mmoja anaonekana mlimani akitutazama. Nakal alisema, Baba Nathan, hao wakwe unataka wampokee fahali au maiti yako? Nikamwambia breki zimeshika vizuri sana. Zilishikia kwenye miiba.

Baadaye nilikanyaga pedali mara mingi. Ikawa ngumu. Déo anajua kazi kidogo.

Alhamisi, 7 Agosti.

Breki zinasimamisha gari! Nimezijaribu mara sita. Ila zinapiga mlio. Si ule wa fisi. Huu ni mwembamba, unaingia kwenye meno. Mbwa wa mtaa wote wameitika.

Aukot alikuja kuuliza kigoda chake. Ejok, shemeji, akanisalimia kwa tabasamu, kisha akauliza huku nyuma tunachinja nini, maana sauti imefika sokoni. Nikampa nusu mbili za kigoda, nikamwambia mchwa siku hizi wamezidi. Akazitazama, akaitazama jeki. Akazichukua kwapani akaenda zake.

Siwezi kuingia Kakuma na mlio ule. Wanawake wa kule watautungia wimbo, na wimbo ule Nathan ataimbiwa mpaka azeeke.

Nikafikiri. Hapa kwetu kila kinacholia hupakwa mafuta. Ngozi ikikakamaa, mafuta. Bawaba ya mlango, mafuta. Mtoto, mafuta. Hata mzee akibariki jambo, mafuta. Breki ni nani zisipakwe? Nakal ameweka mafuta ya mkia wa kondoo kwa ajili ya harusi, ndani ya kibuyu, chini ya kitanda, upande wake. Nimepaka pedi zote nne. Nikapaka na diski, pande zote mbili, isione wivu.

Nimeisukuma gari kwa mkono pale uani. Kimya! Paka hatembei hivyo. Sikuiwasha tena. Mlio umekwisha, kujaribu ni kwa wenye mashaka.

Ijumaa, 8 Agosti.

Jaribio lilikuwa kule nje ya mji. Nilienda polepole bila kukanyaga breki hata mara moja, nisizichoshe. Mzee Namuar alichomeka fimbo yake mchangani akasema gari isiipite.

Aukot alianza. Akasimama hatua mbili kabla ya fimbo. Akashuka, akapangusa kioo kisicho na vumbi.

Zamu yangu. Nilikuja polepole, heshima tupu, bila mlio. Niliona Nathan akishangaa. Nikakanyaga. Gari ikaendelea. Nikakanyaga kwa miguu miwili. Gari ikaendelea na safari yake, na Mzee Namuar akaenda upande wa kushoto, fimbo ikaenda upande wa kulia. Sikujua mzee wa umri ule ana mbio zile. Nikavuta breki ya mkono, ikatoka nayo yote, nikawa nimeishika hewani. Nikawapungia nayo. Mwishowe tukaingia laga, ule mto mkavu, mchanga ukatupokea.

Nikashuka nikawakumbusha kwamba gari imesimama. Mzee Namuar, aliyekuwa bado anahema, alisema imesimama lagani, lakini yeye alitaka isimame kwenye fimbo.

Kisha magurudumu yakaanza kutoa moshi. Harufu ya mkia wa kondoo ukichomwa ilienea laga nzima. Mbwa wakaja. Aukot alisema mbele ya wote, jamani, shemeji yetu hajafika Kakuma, ameshaanza kuchoma nyama ya harusi! Nakal hakucheka. Alivuta hewa puani mara moja, akajua kibuyu chake kiko wapi.

Fahali amepewa Aukot.

Jumamosi, 9 Agosti. Kakuma.

Aukot aliketi mbele kwa usukani. Mimi nilipewa nyuma, pamoja na fahali. Kumshikilia, wakasema. Kilomita mia na zaidi! Kila Aukot akifunga breki, fahali alinilalia. Kila alipotaka kulala nilimwinua kwa mkia na maneno. Asipofika amesimama, ni aibu ya mwanangu, si ya Aukot. Nilimwimbia nyimbo zote za ujana wangu, hata zile ambazo Nakal hajui ziliimbiwa nani. Tulipofika sauti haikuwepo, na miguu yangu ilikuwa imekanyagwa na ile yake.

Fahali alishuka. Amesimama! Aukot akavaa kofia yake yenye manyoya ya mbuni, akashika kamba, akatangulia. Fahali hakusogea. Akavuta. Fahali akamtazama kama muuza duka alivyonitazama mimi. Wanawake wa wakwe wakaanza kucheka chinichini, wimbo ukawa karibu kabisa kuzaliwa. Nilimwona Nathan ameinamisha kichwa, na hapo nilisahau mizaha.

Nikapita mbele nikichechemea, nikaimba kwa sauti iliyokwaruza. Fahali akanifuata. Kamba ikamtoka Aukot mkononi. Tukaingia bomani, mimi mbele, fahali nyuma yangu, vigelegele kila upande. Nathan alilia. Akasema ni vumbi.

Sasa tazama. Kama breki zangu zingeshika, ningekuwa nimekaa mbele kwa usukani, na fahali asingenijua. Kwa hiyo kazi yangu ya breki ndiyo iliyookoa harusi. Nimewaeleza watu wengi leo. Nakal ameniomba niwaeleze kwa sauti ndogo.

Jumapili, 10 Agosti. Kakuma.

Baba wa bibi harusi, mkwe wangu Lotiir, ni mtu muungwana. Alinisikiliza tangu asubuhi bila kunikatiza. Alisema kesho anasafiri kwenda Lokichoggio na gari yake inapiga mlio, naye Déo leo yuko kanisani na kwaya. Nikamwambia, mkwe, unahangaikia nini na fundi yuko hapa amekula nyama yako? Akanipa ufunguo kwa mikono miwili.

Nathan alitukuta. Aliona jeki, akageuka rangi, akatoka mbio na simu sikioni.

Déo ameacha kwaya akanipigia. Anapiga kelele kwamba nisiguse gari ya mkwe, nisiiguse hata kidogo, Papa, nakuomba. Nimemjibu arudie baadaye, simsikii vizuri, niko chini ya hiyo gari.