Fomu Iliyoizika Kwaya Nzima

Leo nimeizika kwaya yote ya parokia yetu, mwenyekiti akiwa wa kwanza. Kaeni vizuri niwaeleze taratibu.

Mnaikumbuka kompyuta tuliyopewa msaada hapa Igoma? Mzee Magesa, mwenyekiti wa kwaya, anataka tuibadilishe kwa kinanda. Nikaomba wiki mbili nionyeshe kwamba inaweza kutunza orodha ya wanakwaya, ambayo yeye huiandika kwenye daftari lake. Kamati ikasema sawa, Jumamosi tuione, ndipo tuamue. Jumamosi ndiyo leo.

Orodha ilikuwa tayari. Kwa wasiojua: majina yanakaa kwenye jedwali, huko nyuma. Fomu ni sura ya mbele tu, ya kumwonyesha mtu mmoja mmoja. Na sura hiyo ikija ya kijivu, unaweza kuipamba. (Hapo ndipo shetani aliponikuta.)

Asubuhi nikaipaka zambarau, kama kitambaa cha altare wakati wa Kwaresima. Picha ya kila mtu nikaizungushia fremu nyeusi, nene. Jina nikaliandika kwa herufi za kulala, zenye mikia. Halafu nikajiambia, hii si kwaya ya kanisa? Nikaweka msalaba mdogo mbele ya jina. Chini, tarehe mbili: ya kuzaliwa na ya kujiunga na kwaya. Nikasogea nyuma, nikajipongeza. (Kwa sauti!)

Saa tisa wanakamati na wanakwaya wakajaa ofisini. Mzee Magesa akakalishwa mbele ya kioo. Nikafungua fomu ya kwanza, yake.

Akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwalimu, nimekufa lini?"

Nikatazama. Yesu wangu! Picha, fremu nyeusi, msalaba, jina, tarehe mbili. Tangazo la msiba kabisa, limebaki kutaja saa ya mazishi.

"Hapana, mzee, huo ni urembo..."

"Urembo! Na mke wangu ameshaambiwa?"

Kwa kiherehere nikabonyeza kitufe cha kwenda mbele, nijiokoe. Akatokea mke wake. Marehemu. Nikabonyeza tena. Mama Koku, katibu wetu, ambaye alikuwa nyuma yangu na chupa ya chai.

"Ee Mungu, hata mimi! Na picha ya kuniagia mkachagua hiyo?"

Watu wa besi wakaanzisha wimbo wa mazishi. Sauti nyingine zote zikadakia. (Hawajawahi kuimba vizuri hivyo.)

Nikaona kinanda kinakuja. Nikaenda kwenye sehemu ya kurekebisha fomu. Nikafuta msalaba. Fremu nikaiondoa. Zambarau nikaigeuza manjano, rangi ya sare yetu. Nikamfungulia tena: Mzee Magesa, hai, anang'aa.

"Sasa wengine utawarekebisha hadi lini?"

"Wameshakuwa tayari, mzee. Fomu ni moja. Ukibadilisha sura yake, imebadilika kwa wote."

Akabonyeza mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, wote sitini. Hakuna maiti.

"Kwa hiyo umetufufua wote kwa mara moja?"

"Ndiyo, mzee."

"Daftari langu haliwezi hilo." Akawageukia wanakamati. "Kinanda kitasubiri. Ila rangi atachagua Mama Koku."

Nawaomba sana msicheke. Nakala ya fomu ya zambarau bado ninayo kwenye disketi, na majina yenu nyote nayajua.