Vyakula vya Posa Mpaka Mlangoni

Jumatatu, 11 Julai 1994

Bi Mwanakombo mwenye nyumba kaniita ndani. Kafunga mlango kwanza. Nikajua ni kuhamishwa. Sio, ila inakaribia.

Jumamosi wazee sita wa Temeke wanaleta posa ya binti yake, Nusaiba. Hataki mtaa ujue mpaka posa ijibiwe, maana mwaka juzi mtaa ulijua mapema na posa ikavunjwa na maneno. Alivyoniangalia kwenye "maneno" sikupenda.

Akitoka sokoni Buguruni na nyama kilo sita, kila mtu atauliza. Kwa hiyo mie, mpangaji wa chumba cha mbele, nitafute mtu wa kuleta vitu mpaka mlangoni, kimyakimya. Nikiweza, nabaki na chumba changu. Mtaa ukijua, nahamia cha nyuma karibu na choo, na cha mbele anapewa Demetria, yule karani wa kutoka Bukoba anayekaa huko nyuma sasa.

Chumba cha mbele kina dirisha la barabarani. Miaka tisa niko kwenye dirisha lile. Bila dirisha mie ni nani?

Nitawajaribu watu watatu, nichague aliye bora. Siku hizi biashara ni huria, kila mtu anakufuata ulipo.

Jumanne, 12 Julai

Mwishehe wa baiskeli. Anachukua nyama machinjioni Vingunguti. Nilimwagiza nusu kilo. Saa moja asubuhi kafika, nyama imefunikwa, steki tupu, hata inzi hamna. Nikamkaribisha chai. Kakataa. Nikamuuliza, kwa Adelard kuna nini, mbona mkewe haonekani wiki ya pili sasa?

"Mama, mie naleta nyama." Kapanda baiskeli, kaenda zake.

Mtu gani huyu? Unaweza kula nyama yake mwaka mzima usijue jirani kapatwa na nini.

Jumatano, 13 Julai

Duka jipya la Anwar, pale njia panda. Ana simu na pikapu. Unapiga simu, unaletewa.

Nimetafuta simu mtaa mzima. Ya kwanza imekatwa. Ya pili iko dukani kwa Anwar mwenyewe. Nikaenda, nikasimama kaunta, nikamtajia: mchele, vitunguu, iliki. Vyote viko nyuma yake, nikinyoosha mkono nagusa. Nikasema basi nipe nibebe. Akasema hapana shangazi, huduma yetu ni mlangoni, nenda kasubiri.

Nimesubiri mpaka alasiri. Pikapu imekuja inapiga honi tangu kona ya msikiti, watoto wa mtaa wote nyuma yake. Mchele sawa. Vitunguu sawa. Iliki imekuwa majani ya chai.

Siri gani yenye honi?

Alhamisi, 14 Julai

Chausiku wa beseni. Hapa sasa.

Katua mzigo barazani adhuhuri, kainuka alasiri. Nyanya tatu zimeoza. Mchicha umelala. Lakini habari! Mke wa Adelard yuko kwao, kagombana na wifi yake kwa ajili ya godoro. Fransis fundi cherehani kashona gauni la harusi, bibi harusi kaghairi, gauni linaning'inia dukani mpaka leo. Nyumba tisa kanitembeza na sijanyanyuka mkekani.

Demetria alikuwa anafua. Kasema, "Bi Zuena, mchukue wa baiskeli. Huyu mama nyumba zote hizo tisa zilimwamini."

Nikajua huyu anakitaka chumba. Nikamchagua Chausiku palepale. Hata nyama ataleta yeye, ana watu wake Vingunguti. Kauliza ni shughuli gani. Nikamwambia kidogo tu: Nusaiba, posa, Jumamosi, wazee sita, Temeke. Lazima ajue ili apime mchele.

Ijumaa, 15 Julai

Muuza mafuta ya taa kanipa hongera. Eufrazia wa nyumba ya pili kaleta sufuria kubwa, sijamwomba. Mwingine kauliza sare ni kanga ya rangi gani.

Nani kasema? Kutwa namchunguza Demetria. Anapiga pasi, ametulia. Watu wenye siri wote wako hivyo.

Jumamosi, 16 Julai

Saa nne, beseni hakuna. Saa tano, hakuna. Wanawake wa mtaa ndio wapo, na mikeka yao, na ngoma.

Wazee wakafika saa sita. Hawajapiga hodi, vigelegele. Mzee mwenye bakora akauliza, kwani binti ameshapata mume? Posa yenyewe bado iko mfukoni mwake. Bi Mwanakombo akawaingiza ndani, akanitazama. Chakula? Wakanywa maji. Wakasema watafikiri. Wakaondoka.

Chausiku kafika saa nane. Kasimama nyumba kumi na moja, kila nyumba inamuuliza nyama yote hii ya nani. Angenyamaza, kasema, wangemwona anaringa.

Nusaiba kajifungia, namsikia analia. Kijana mwenyewe anampenda, hilo ndilo baya.

Bi Mwanakombo hakupiga kelele. Kasema, "Zuena, fungasha."

Jumapili, 17 Julai

Chumba cha nyuma. Dirisha linatazama ukuta wa choo. Nimeutazama tangu asubuhi, ukuta hauna jipya. Demetria katundika pazia kwenye dirisha langu, kisha kalifunga. Dirisha la barabarani, mtu kalifunga. Hapo nililia.

Aliyetoboa siri Mungu anamjua. Mie nasema ni Mwishehe. Mtu hasemi kitu, ana kitu.

Ila chumba hiki kimepakana na cha Bi Mwanakombo, na ukuta ni mwembamba. Nimemsikia kaka yake anamwambia wazee wamekubali kurudi, Alhamisi, wawili tu, wala mtu asijue. Bi Mwanakombo kalia kwa furaha. Chakula hakukitaja. Anaona haya kuniomba mara ya pili, maskini. Nikimfanikishia hili, dirisha langu linarudi.

Nimemwita Chausiku kupitia mlango wa uani. Nimemwagiza kuku wawili. Nikamwapisha, kiumbe yeyote asijue. Kaapa. Kisha kauliza kuku wa nini.

Nikamwambia.