Shemeji wa Waziri

Siku ya kuzindua daraja, Waziri alishuka jukwaani akapunga mkono huku, akapunga kule, kisha akamkumbatia mtu asiyemjua. Mtu mwenyewe alikuwa Mafuta, aliyeitwa hivyo mjini kwa kuwa maneno yake yaliteleza hata pasipo na upenyo, na pale alikuwa amefuata soda za bure tu. Waziri alimfananisha. Lakini alipomwachia, matajiri watatu walikuwa wameshapanga foleni.

"Kumbe mnajuana na mheshimiwa?" aliuliza wa kwanza, muuza saruji mwenye suti iliyombana tumbo.

Mafuta alishusha pumzi kama mtu aliyechoka kubeba siri. "Ni shemeji yangu. Ila tusiyaongee hapa."

Jioni mkewe, fundi cherehani, alimtazama juu ya miwani. "Kama wewe ni shemeji yake, basi mimi ni dada yake. Mbona kaka hajaniletea hata sabuni?"

"Subiri, mama watoto. Undugu wenyewe ndiyo kwanza umeanza leo."

Muuza saruji alitaka jambo dogo tu: saruji ya wenzake ikwame bandarini, yake ipite. Mafuta alipokea gari, kuukuu lakini lenye kiyoyozi, akaahidi kupenyeza neno. Hakupenyeza lolote. Hata namba ya simu ya Waziri hakuwa nayo. Alikwenda zake kulala, akingoja tajiri agonge mwamba ili yeye ahame mtaa.

Tajiri hakugonga mwamba. Aliingia bandarini kifua mbele, akasema, "Mimi na mheshimiwa ni kitu kimoja," na maofisa, badala ya kuuliza, wakasimama wima. Nani apige simu wizarani kuhakikisha, halafu kesho akose kazi? Saruji ya wengine ilizuiwa uwanjani, mvua ikainyeshea, ikawa mawe. Bei ikapaa. Maghorofa yakabaki yamechomoza nondo, waashi wakashinda vijiweni wakicheza karata, maduka ya vifaa yakateremsha milango. Mafuta alizunguka mjini haamini macho yake. Uongo wa mtu mmoja! Dhamiri ilimchoma kidogo. Alipowasha kiyoyozi, ikapoa.

Ndipo akaenda ofisini kwa tajiri kuomba nyongeza. Akamkuta Waziri mwenyewe kwenye kochi, anakunywa chai. Akageukia mlango.

"Shemeji!" Waziri alicheka. "Nilisikia nina mtu wangu bandarini, nikaja kumjua. Nikaambiwa umeniuza kwa gari bovu. Ndivyo unavyonithamini?"

"Mheshimiwa, nisamehe, ulikuwa utani tu..."

"Utani mtamu sana. Tumeamua kukupa ukurugenzi. Kampuni nzima kwa jina lako. Weka sahihi hapa."

"Mimi?"

"Kwani undugu ni nini?" alisema tajiri, akimpa kalamu.

Mafuta, ambaye aliwahi kuuza kiwanja kimoja kwa watu wanne, hakusoma hata mstari. Macho yake yalikuwa kwenye kiti cha ngozi nyuma ya meza.

Alikikalia miezi michache. Wajenzi wakaandamana, magazeti yakapiga kelele, askari wakamfuata nyumbani. Tajiri alikuwa nje kwa matibabu. Waziri alikuwa redioni, sauti ikimtetemeka kwa uchungu: "Anayeua uchumi wetu hana undugu nami! Hata awe shemeji yangu wa damu, sheria ifuate mkondo wake!" Waliokuwapo wakampigia makofi mpaka viganja vikawauma.

"Mimi si shemeji yake!" Mafuta alilia akipandishwa karandinga. "Hatujuani kabisa! Alinifananisha!"

Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli tangu siku ya daraja.

Mkewe alitoka mbio, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. "Afande, nakuapia, mimi sina kaka waziri!"

Afande akavua kofia, akamtazama kwa huruma.

"Pole sana, dada," alisema. "Ndugu wakikosana, inauma."