Bibi wa Kuazima

Jumatatu, 15 Septemba
Mwalimu Mansuri wa klabu ya picha na ushairi katangaza shindano: picha moja, shairi moja, mada "Kwetu". Wawili bora watakwenda kwenye maonyesho Dar. Dar! Sijavuka bahari tangu baba anilete Mafia kutoka Kilwa nikiwa mchanga. Lazima niende.

Tatizo ni mada. Shani kanikumbusha mbele ya darasa kwamba sisi wa kambi ya wavuvi hatuna kwetu, msimu ukiisha tunakunja maturubai. Letu halijakunjwa tangu nipate akili. Imeniuma, hapa sitadanganya. Kwingine sijui.

Jumatano, 17 Septemba
Klabu imetupeleka kijiji cha Kirongwe kupiga picha. Ufumbuzi nimeupata: bibi. Mwenye bibi ana kwao.

Nilimkuta Bi Biubwa uani anafua nazi kwenye kifuo, kile chuma chenye ncha. Nikampa shikamoo, nikaomba picha. Nikarudi nyuma kutafuta pembe nzuri, nikakanyaga makumbi aliyoyabandua kwenye nazi, nikaanguka chali. Akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. Simu ikapiga yenyewe. Picha safi kabisa.

Akanipa muhogo wa nazi, nikala sahani mbili. Picha nimeiita "Bibi Yangu". Shairi limetiririka: bibi kanilea, bibi kanifundisha kufua nazi. Kifuo sijawahi kukigusa.

Ijumaa, 19 Septemba
Mwalimu kasoma shairi langu, kavua miwani akafuta macho. Dar hiyo.

Jioni mambo yakaharibika. Kumbe Shani kwao ni Kirongwe, jirani wa Bi Biubwa. Kaniambia kwa upole kabisa kwamba amemwalika kesho aje shuleni kwenye shindano, amwone mjukuu wake akisoma. Nimembembeleza yaishe. Kasema maneno hayo matamu niyaweke kwenye shairi.

Jumamosi, 20 Septemba
Bi Biubwa kaja na kiroba cha nazi na kifuo chake. Wazazi wamejaa. Baba naye yupo, kanzu imepigwa pasi, ananitazama kama mtoto wa jirani. Mwalimu kasema itapendeza mjukuu aonyeshe alivyofundishwa. Shani alikuwa kakaa mbele kabisa.

Nikashika nazi huku nasoma kila dua ninayoijua, hata ya kulala. Hapo Bi Biubwa akasimama. Akauliza ni nani huyo anayemfanyisha kazi mume wake na shati jeupe la shule, na sabuni atanunua nani. Ukumbi ukaangua kicheko. Mume wangu! Bibi humtania hivyo mjukuu wake tu. Mimi nikatokwa machozi, nikasingizia vumbi.

Shani wa kwanza, mimi wa pili. Tunakwenda wote. Alhamdulillahi, nimepumua.

Mlangoni bibi kaninong'oneza kwamba kiroba kile kinanisubiri kesho asubuhi.

Jumapili, 21 Septemba
Viganja vimevimba, kiroba bado kizito. Shani kaja kutazama, na mkeka wa kukalia kaleta. Bibi kasema nitakuja kila Jumapili mpaka nijue, maana hataki mjukuu mwongo. Baba naye kaalikwa chakula. Nimefurahi sana. Nina kwetu, na safari hii ni kweli. Uongo basi.

Mchana mwalimu kapiga simu: Dar tutasoma na shairi la pili. Mzee Hafidhi, jirani wa bibi, anakwea minazi na hana wajukuu. Ubeti wa kwanza tayari: babu kanifundisha kukwea.

Nimemuuliza Shani kama kwenye ukumbi wa Dar kuna mnazi. Kasema upo mmoja, mbele ya mlango. Anatania tu.